Kuketi Kabla ya Kuinua Mkono

Mahubiri juu ya Luka 14:31-32. Msomaji asome pia Yoshua 22, na Waamuzi 20 na 21.



Katika somo letu Bwana Yesu yu njiani kwenda Yerusalemu, na watu wengi wanamfuata. Yeye hafurahii wingi wao kama wafurahivyo wakubwa wa dunia. Awageukia na kuwaonya kwamba kumfuata yeye ni jambo lenye gharama. Na ili waelewe, awapa mifano miwili. Mmoja ni wa mtu atakaye kujenga mnara, na wa pili ni wa mfalme aendaye vitani. Mfalme huyo ana askari elfu kumi, na adui yake anakuja na elfu ishirini. Bwana asema kwamba mfalme wa namna hiyo huketi kwanza na kutafuta shauri. Na akiona hawezi, hutuma wajumbe adui angali mbali, atake masharti ya amani.

Najua ya kuwa maana ya kwanza ya mfano huu si vita. Ni gharama ya kumfuata Kristo. Lakini Bwana hutwaa mifano yake katika mambo ambayo kila mtu ayakubali kuwa kweli. Mfalme wa dunia, hata asiyemjua Mungu, yampasa kuketi kabla hajawatoa watu wake wafe. Basi je, haitupasi zaidi sisi, tulioitwa kwa jina la Mfalme wa amani?

Nimelazimika kulihubiri neno hili kwa sababu ya swali la mzee mmoja. Katika ujana wake alikuwa askari, akavuka mto Kagera pamoja na jeshi letu. Alinijia baada ya ibada, akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mchungaji, tulivamiwa, tukaitetea nchi. Najua tulikuwa na haki. Mbona kila ufikapo mwezi wa Novemba moyo wangu hulia? Na wale wanaokaa barazani na kuamua vita, je, wao nao hulia?" Siku ile sikuwa na jibu. Leo nataka kulitafuta pamoja nanyi, kwanza katika Maandiko, kisha katika mambo yaliyotendeka katika nchi yetu wenyewe.

Biblia yatupa habari za mabaraza mawili ya Israeli yaliyokutana kwa shauri la vita.

La kwanza ni lile la kitabu cha Yoshua. Kabila za Reubeni na Gadi na nusu ya kabila la Manase walirudi katika urithi wao ng'ambo ya Yordani, nao wakajenga madhabahu kubwa kando ya mto. Habari zikawafikia ndugu zao. Mkutano wote ukakusanyika Shilo ili kwenda kupigana nao, maana walidhani ya kuwa wamemwasi Bwana. Lakini kabla upanga haujachomolewa, walimtuma Finehasi, mwana wa kuhani Eleazari, na wakuu kumi pamoja naye, waende kuuliza. Wakauliza kwa maneno makali, wakajibiwa kwa upole. Ikaonekana ya kuwa madhabahu ile haikujengwa kwa sadaka, bali kwa ushahidi tu, ili watoto wa ng'ambo wasije wakaambiwa siku moja kwamba hawana fungu kwa Mungu wa Israeli. Wajumbe wakarudi, mkutano ukafurahi, na neno la vita halikutajwa tena. Kwa ajili ya swali moja watu wengi waliishi.

Baraza la pili ni lile la Mispa, katika kitabu cha Waamuzi. Uovu mkubwa ulikuwa umetendeka Gibea, katika nchi ya Benyamini: mwanamke alitendwa jeuri usiku kucha hata akafa. Uovu ule ulikuwa wa kweli, wala hapana mtu awezaye kuutetea. Lakini angalieni jinsi mkutano ulivyofanya shauri. Walimsikia shahidi mmoja, yule Mlawi, bwana wa marehemu. Naye katika kusimulia aliruka neno moja, kwamba ni yeye mwenyewe aliyemshika yule mwanamke na kumtoa nje kwa wale wabaya. Hakuna aliyemwuliza. Wakasimama wote kama mtu mmoja, wakakaza nia kwamba hapana atakayerudi nyumbani. Baada ya kuamua, ndipo walipotuma watu kwa Benyamini kuwataka wahalifu, na Benyamini wakakataa. Tena walipokwenda mbele za Mungu hawakuuliza kama waende au wasiende. Waliuliza nani atangulie. Siku ya kwanza wakaanguka watu 22,000 wa Israeli, na siku ya pili 18,000. Siku ya tatu wakashinda. Na katika wanaume wa vita wa Benyamini wakabaki 600 tu, waliokimbilia mwamba wa Rimoni. Ndipo wale washindi walipoketi mbele za Mungu hata jioni wakilia kwa sauti, kwa kuwa kabila moja limepunguka katika Israeli.

Waliketi, ndugu zangu, lakini waliketi baada ya vita. Bwana asema tuketi kwanza.

Sasa tutoke Mispa, tuje pwani yetu. Mtu akisimama mlangoni pa kanisa letu la Azania Front, lililomalizika kujengwa mwaka 1902, aiona bahari na bandari mbele yake. Na akiufuata ukingo wa maji afika Magogoni, penye Ikulu, na soko la samaki, na pantoni iendayo Kigamboni. Wavuvi huingiza samaki alfajiri, watu huvuka kwenda kazini, wala hapana afikiriye ya kwamba pwani hii ilipata kupigiwa kura ya vita na watu ambao karibu wote hawakuwahi kuiona.

Mwaka 1887 mmisionari Greiner alifika Dar es Salaam, ametumwa na chama cha misioni cha Berlin, na kazi ya Kilutheri katika mji huu ikaanza. Mwaka 1888 Sultani Khalifa wa Unguja alitia mkono mkataba wa kuiachia Kampuni ya Wadachi (ndivyo wazee wetu walivyowaita Wajerumani) utawala na ushuru wa pwani. Mwezi wa Agosti maofisa wa Kampuni wakaingia katika miji kwa majivuno. Huko Pangani mkuu wao, Emil von Zelewski, alidharau bendera ya Sultani, na imeandikwa ya kuwa watu wake waliingia msikitini pamoja na mbwa. Pwani yote ikawaka moto. Abushiri bin Salim akawa kiongozi wa watu wa Pangani na Bagamoyo, na Bwana Heri akawa kiongozi wa Saadani. Januari 1889 vita vikafika Dar es Salaam. Kituo cha misioni kikashambuliwa, na huko Pugu wamisionari watatu wa Kikatoliki wakauawa.

Mwezi huo huo jambo hili likapelekwa mbele ya baraza la Wadachi huko Berlin, liitwalo Reichstag. Serikali iliomba mark milioni mbili za kuandaa jeshi. Baraza likakubali, na sheria ikatolewa tarehe 2 Februari 1889, nayo ikaitwa sheria ya kupigana na biashara ya watumwa na ya kulinda mambo ya Wadachi katika Afrika ya Mashariki. Litazameni jina hilo. Ndani yake mna makusudi mawili. La kwanza ni la huruma, la pili ni la faida. Na lile la huruma ndilo lililotangulizwa mbele.

Kwa nini lilitangulizwa? Kwa sababu mwaka ule wa 1888 Wakristo wa Ulaya walikuwa wameamshwa juu ya ukatili wa biashara ya watumwa. Kadinali Lavigerie alihubiri katika miji mikubwa, na mwezi wa Oktoba Wakatoliki na Waprotestanti wa Ujerumani walikusanyika pamoja katika mji wa Köln kwa ajili ya neno hilo. Windthorst, kiongozi wa chama cha Wakatoliki barazani, akaleta ombi la kupigana na biashara ile. Watu wale walikuwa na huruma ya kweli, wala biashara ile haikuwa uzushi. Minyororo ilikuwako, watoto walichukuliwa bara na kuuzwa pwani. Lakini Chansela Bismarck, ambaye Kampuni ilikuwa imemletea aibu, akaiona huruma ile kama bendera nzuri, akaitweka juu ya jahazi lake.

Baraza lilisikia maneno ya serikali, likamsikia na Hermann Wissmann, aliyechaguliwa kuwa jemadari. Mtu wa Pangani hakusikiwa hata mmoja, wala wa Bagamoyo, wala wa Magogoni. Hakuna Finehasi aliyetumwa kuuliza kwa nini pwani imewaka. Yuko aliyesimama kupinga, August Bebel wa chama cha wafanyakazi, akasema kwamba Kampuni ile ni kikundi cha matajiri wachache wenye kutafuta faida yao. Bebel hakuwa mtu wa kanisa. Ni aibu kwetu kwamba neno lililowapasa Wakristo kulisema lilisemwa na mtu asiyekiri imani yetu.

Wissmann akaja na askari aliowaandika Misri, wengi wao Wasudani, na wengine kutoka Msumbiji. Wakati ule mapigano yalikuwa yamesimamishwa kwa mapatano kati ya mkuu wa manowari za Wadachi na Abushiri. Wissmann hakuyaendeleza mapatano hayo. Tarehe 8 Mei 1889 aliishambulia boma ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Abushiri alikamatwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri akajisalimisha Aprili 1890. Na kabla kazi haijaisha, baraza la Berlin lilikuwa limekwisha kuombwa fedha nyingine.

Na watumwa, je? Utumwa wenyewe haukufutwa na serikali ya Wadachi. Mwaka 1904 ilitoa amri ya kuwa watoto watakaozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 watakuwa huru, lakini wazazi wao walibaki watumwa kwa sheria. Utumwa ulifutwa mwaka 1922 chini ya Waingereza. Hesabuni wenyewe: tangu kura ya Berlin hata siku ile ni miaka 33. Mtoto aliyezaliwa mtumwa katika mwaka wa vita alikuwa mtu mzima mwenye watoto kabla sheria haijamwita huru. Mizinga ilifika katika miezi michache. Uhuru ambao kwa jina lake mizinga ile ilipigiwa kura ulikawia hata watawala wenyewe wakabadilika.

Sisemi haya ili kumtakasa Abushiri. Yeye naye alikuwa na shamba na watumwa wa kulilima. Wala sisemi ili kuwadharau wale waliotuletea Injili, ambao wengine wao wamelala katika udongo wetu. Nasema ili tujue kwamba neno jema la kanisa laweza kutwaliwa na kufanywa bendera ya neno jingine, na wenye kanisa wakapiga makofi.

Msiseme kwamba hayo ni mambo ya kale. Tarehe 10 Oktoba 2002 baraza la wawakilishi la Marekani lilimpa rais wao ruhusa ya kuipiga Iraki, kwa kura 296 dhidi ya 133. Na kesho yake baraza la seneti likakubali kwa kura 77 dhidi ya 23. Tarehe 18 Machi 2003 wabunge wa Uingereza wakakubali vivyo hivyo, kura 412 dhidi ya 149. Neno lililotangulizwa lilikuwa kumnyang'anya Saddam Hussein silaha za maangamizi. Naye alikuwa mtawala mkatili kweli. Mwaka 1988 watu wa Halabja waliuawa kwa hewa ya sumu. Lakini wakaguzi wa Umoja wa Mataifa, chini ya Hans Blix, walikuwa wamo ndani ya nchi wakitafuta, nao waliomba wapewe muda. Finehasi alikuwa amekwisha kutumwa, lakini hawakumngoja arudi. Vita vikapigwa, na mwaka 2004 wakaguzi wa Marekani wenyewe wakatoa taarifa ya kuwa akiba ya silaha zile haikuonekana. Hata hivyo waliokufa hawakufufuliwa na taarifa ile.

Hilo ndilo jambo la kwanza, ndugu: anayeketi kwanza husikia zaidi ya shahidi mmoja. Uovu wa adui ukiwa wa kweli, bado haujathibitisha kwamba kila lisemwalo juu yake ni kweli, wala kwamba kila dawa iletwayo ni dawa.

Jambo la pili ni kuhesabu gharama, na kuihesabu kwa wote watakaoilipa. Mfalme wa mfano wetu alihesabu askari wake. Mabaraza huhesabu askari na fedha. Lakini wako watu wasiohesabiwa, na katika mji wetu jina lao limeandikwa mahali ambapo kila siku twapita.

Tarehe 4 Agosti 1914 Reichstag lilikutana tena, likapitisha fedha za vita kuu, wala safari hii hakuna aliyepiga kura ya kukataa. Tarehe 8 Agosti, siku nne tu baadaye, manowari ya Waingereza iitwayo Astraea iliupiga mji wa Dar es Salaam kwa mizinga. Hivyo ndivyo kura inavyosafiri upesi. Katika vita vile askari walikuwa wachache kuliko wapagazi. Pande zote mbili zilichukua watu vijijini, wengi kwa nguvu, wakabebeshwa risasi na unga porini. Makumi ya maelfu walikufa. Na waliokufa kwa maradhi na kwa njaa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Waingereza walipoutwaa mji huu mwaka 1916, waliweka kambi ya jeshi la wapagazi, kwa lugha yao Carrier Corps. Watu wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo.

Ewe unayenunua nyanya na vitenge Kariakoo, umesimama juu ya jina la wapagazi. Hapo vijana hubeba magunia tangu alfajiri hata jioni, wanapiga kelele watu wawapishe, wala hawajui ya kwamba zamani mahali hapo walikusanyika wengine waliobeba mizigo mizito zaidi, kwa ugomvi wasioujua chanzo chake. Hakuna baraza lililowauliza. Majina ya wengi wao hayakuandikwa popote. Zamani katika mji huu ilisimama sanamu ya Wissmann. Waingereza waliiondoa, ikapelekwa Hamburg, na huko wanafunzi waliiangusha mwaka 1968. Leo katikati ya mji imesimama sanamu ya askari wa Kiafrika, iliyowekwa mwaka 1927, na maandishi yake yawataja wapagazi pia. Majemadari huondolewa na wanaokuja baadaye. Lakini Mungu ambaye hamsahau shomoro mmoja hakumsahau mpagazi hata mmoja aliyeanguka kando ya njia.

Basi mtu aliyeketi barazani, kabla hajauinua mkono, na awalete mbele ya macho yake wale wasioketi pale: mpagazi, mjane, mtoto wa kijiji kilicho njiani mwa jeshi. Kama hawezi kuwatazama machoni na kusema, "Ni lazima," basi na aushushe mkono wake.

Lakini pengine ni lazima kweli. Hilo ni jambo la tatu, na hapo namrudia mzee wangu.

Kanisa letu halifundishi kwamba kila vita ni dhambi kwa kila anayepigana. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika sehemu ya 16, lakiri kwamba Mkristo aweza kuwa mtawala, au mwamuzi, au askari katika vita vya haki. Naye Daktari Martin Luther mwaka 1526 aliandika kitabu kwa ajili ya askari waliosumbuka dhamiri, akafundisha kutofautisha vita vya kutaka na vita vya kulazimishwa. Aanzishaye vita amekosa. Ajilindaye akiisha kutafuta amani na kunyimwa, huyo afanya kazi ya mlinzi. Hata hivyo akaonya kwamba mwenye haki naye apigane kwa kumcha Mungu, wala asijivune kwa haki yake.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaingia katika nchi ya Kagera, yakaua na kuteka na kupora, na daraja la Kyaka likabomolewa. Amin akatangaza kwamba nchi ile ni yake. Huyu ndiye ambaye katika utawala wake Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa mwezi wa Februari 1977. Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alisimama hapa Dar es Salaam, akaliambia taifa kwamba tutampiga. Hatukwenda kumtafuta adui katika nchi ya mbali kwa habari za kusikia. Adui alikuwa amelala katika nyumba za ndugu zetu. Vita vile viliendelea hata Kampala, na tarehe 11 Aprili 1979 mji ule ukatwaliwa, Amin akakimbia.

Nchi ililipa. Wako waliolala Kaboya katika makaburi ya askari. Wako raia wa Kagera waliotoka makwao na kitanda kimoja kichwani. Tukaingia katika miaka ya dhiki, wazee wetu wakapanga foleni kwa sukari na sabuni. Na huko Uganda, baada ya Amin kuondoka, damu haikukoma mara moja. Mtawala mwovu aweza kuondolewa kwa bunduki, lakini bunduki haijui kupanda amani mahali pake.

Kwa hiyo, mzee wangu, nakujibu hivi. Machozi yako ya Novemba hayakushitaki kwamba ulikuwa upande usio wa haki. Israeli nao walilia baada ya kumshinda Benyamini, na uovu wa Gibea ulikuwa uovu kweli. Uliwaua watu ambao Kristo aliwafia. Uliitwa kufanya hivyo na walioitwa kukulinda, nawe ukatii. Lakini moyo wako wajua ya kuwa aliyeanguka mbele yako alikuwa mwana wa mama mmoja. Moyo usiojua hilo ndio ungenitia hofu. Njoo ungama, si kwa kuwa nimekuhukumu, ila kwa kuwa mzigo hautuliwi mahali pengine. Njoo mezani pa Bwana. Damu iliyomwagwa msalabani yaosha hata mikono iliyomwaga damu kwa lazima.

Nawe uliuliza kama wale wanaoamua hulia. Hapo neno langu lawageukia wengine.

Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 44, yampa Rais uwezo wa kutangaza vita. Lakini yaagiza kwamba tangazo lipelekwe kwa Spika, na Bunge likutane katika siku kumi na nne, lifikiri kama litaunga mkono au halitaunga. Yaani sheria ya nchi yawaamuru wabunge waketi. Katika sharika zetu hutoka wabunge, na madiwani, na maofisa wa jeshi. Na wengine ni watoto tunaowafundisha leo. Ndugu mbunge, siku hiyo ikija, na Mungu aiweke mbali, usiangalie kwanza jirani yako ameinua mkono au hakuinua. Kusimama wote kama mtu mmoja kwaweza kuwa uzuri, kwaweza pia kuwa Mispa. Uliza: nani mwingine aliyeona? Mjumbe ametumwa, naye amerudi? Nani atabeba mzigo huu, naye yuko wapi asiulizwe? Na tukiisha kushinda, nini kitafuata? Mwenye kuuliza hivyo ataitwa mwoga na wengi. Finehasi naye angaliweza kuitwa mwoga, na kwa ajili yake kabila mbili na nusu waliokoka.

Ninyi wachungaji wenzangu, chungeni bendera ya kanisa. Watawala wakija kwetu wakitaka tubariki vita kwa jina la huruma, tukumbuke mwaka 1889, tuwaulize habari ya jambo la pili lililoandikwa nyuma ya lile la kwanza. Kuwaombea askari ni wajibu wetu. Kuitia vita jina la Kristo hatukupewa ruhusa.

Nanyi waalimu wa Injili, mnaowafundisha watoto Katekisimo, mkifika amri ya tano msiipite upesi mkidhani ya kuwa katika darasa hamna mwuaji. Wafundisheni kwamba twauwa pia kwa midomo yetu tunaposhangilia habari za vita vya wengine. Nimewasikia watu hapa Magogoni, wakingoja pantoni, wakizungumza habari za miji ipigwayo mabomu kama wanaozungumza mpira, nani amefunga na nani amefungwa. Watoto wanasikia. Siku moja watoto hao watakuwa na mikono ya kuinua. Wafundisheni leo kuketi kwanza.

Na sisi sote tuanze nyumbani. Mwenye ugomvi na jirani yake juu ya mpaka wa kiwanja, asiende kusema kwa balozi kabla hajaenda kuuliza mlangoni. Aliyesikia neno baya juu ya mwenziwe katika kwaya, asikate shauri kwa shahidi mmoja. Mtu asiyetuma mjumbe kwa ndugu yake akiwa karibu, hatajua kumtuma kwa adui akiwa mbali.

Mwisho, tumtazame Bwana mwenyewe. Sisi nasi tulikuwa adui wa Mungu, naye alikuwa na haki kamili ya kutupiga, wala haikumpasa kumwuliza shahidi yeyote. Tungali mbali, hatujaomba masharti ya amani, alimtuma Mjumbe, Mwanawe wa pekee. Gharama yote ikahesabiwa, naye akailipa mwenyewe, hakumbebesha mpagazi. Huyo ndiye Mfalme tunayemfuata.

Tuombe. Ee Bwana Mungu, Mwamuzi wa mataifa, uwape hekima wanaoketi katika mabaraza ya nchi yetu na ya nchi zote. Ufungue masikio yao wasikie sauti ya asiyekuwapo. Uizuie mikono iinuliwayo kwa haraka. Uwalinde wanaolinda nchi kwa haki, na uwarudishe nyumbani. Uwafariji waliorudi na majonzi mioyoni mwao. Uwakumbuke wapagazi wa Kariakoo na wote waliokufa bila majina yao kuandikwa. Na utufanye sisi kuwa wajumbe wa amani yako, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.